Bahasha Niliyoiacha Juu ya Friji

Kadi yangu ya chakula, ile ya msaada wa serikali ya Marekani, ilikataa Jumamosi moja ya Juni 2017, nikiwa na watoto watatu na toroli limejaa. Keshia aliipitisha mara ya pili, akaisugua kwenye suruali yake, akaipitisha tena. Nyuma yangu foleni ilikuwa inarefuka. Nilirudisha unga, mafuta, kuku na maziwa, nikabaki na mkate na ndizi kwa dola sita zilizokuwa kwenye pochi. Mwanangu mkubwa, wa miaka 11, ndiye aliyenitafsiria maneno ya keshia, na niliona masikio yake yamekuwa moto kwa aibu.

Tulipofika nyumbani alipanda kiti, akashusha bahasha kutoka juu ya friji. Wiki tano nyuma alikuwa ameniambia, "Mama, kuna barua ya chakula hapa." Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikamjibu aiweke pale, nitaiangalia Jumapili. Ndani yake kulikuwa na fomu ya kila miezi sita. Walitaka salari slipu (karatasi za mshahara) nne, risiti ya kodi ya nyumba na saini yangu. Tarehe ya mwisho ilikuwa imeshapita kwa siku 19.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu waliofika Marekani karibuni, na kwa ajili ya wale waliokaa miaka mingi lakini bado wanazipa barua kisogo kama nilivyofanya mimi. Jimbo ninaloishi silitaji. Bado nina faili kwenye ofisi zake za msaada.

Nilikulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, tulikokimbilia kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, vita vilipoanza mwaka 1996. Maisha ya kambi wengi mnayajua. Lakini siku ya mgao tuliijua sote, kwa sababu mtu alipita na kipaza sauti akitangaza kwa Kiswahili kijiji kipi kinaanza na watu wabebe nini. Kama kipimo kimepungua, kimepungua kwa wote, na utasikia kabla hujatoka nyumbani. Hakuna aliyekosa mahindi kwa sababu hakusoma karatasi.

Marekani tulifika mwaka 2016, mimi na watoto. Baba yao alifariki kambini. Siku 90 za mwanzo kulikuwa na mfanyakazi wa shirika la mapokezi aliyefanya kila kitu. Alitujazia fomu ya SNAP, ule msaada wa chakula tunaouita fudistempu, na ya Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Mimi nilisaini tu pale aliponionyesha kwa kidole. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na ni kosa la upole, ndiyo maana halionekani. Siku ya 91 aliondoka, na mimi sikujua hata namba yangu ya kesi iko wapi.

Kwenye fomu ile kulikuwa na kisanduku cha rangi. Kambini nilikuwa Mbembe, Mkongomani, mkimbizi. Sikuwahi kuandikwa kwa rangi ya ngozi. Mfanyakazi yule akaweka alama kwenye "Mweusi". Swali lile ni la hiari na halibadilishi kiasi unachopewa. Niliamini basi kwamba mambo ya rangi yameishia kwenye kile kisanduku.

Jumatatu baada ya kadi kukataa, nilianza kujiandaa kuomba upya. Hapa nilikosea tena. Nilisubiri hadi nimekusanya karatasi zote ndipo nikapeleka ombi, na hilo lilinila siku nane. Sikujua kwamba ombi la SNAP linapokelewa likiwa na jina, anwani na saini tu, na kwamba malipo yakikubaliwa huhesabiwa tangu siku ile ofisi ilipolipokea. Peleka ukurasa wa kwanza leo. Karatasi nyingine zitafuata. Tena mwenye hali mbaya kabisa, ambaye mwezi huo hana kipato cha dola 150 wala akiba ya dola 100, anatakiwa kujibiwa ndani ya siku 7, sio 30. Mimi nilikuwa juu ya hapo, lakini nimekutana na kina mama waliokaa mwezi mzima na njaa huku wakistahili zile siku saba, kwa kuwa hawakuuliza.

Kisha yakaja mahojiano ya simu. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, dola 11 kwa saa, na simu zetu tulizifungia kwenye makabati kabla ya kuingia. Wakapiga saa nne asubuhi, nikiwa kwenye mkanda wa mizigo. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza cha haraka. Nilipopiga mimi, nikasikiliza muziki kwa saa moja na dakika arobaini, halafu laini ikakatika. Siku ya pili nikaomba ruhusa nisiende kazini, nikaenda ofisini, nikaambiwa mahojiano ni kwa simu, nirudi nyumbani nisubiri. Hawakupiga. Ombi likafutwa kwa sababu iliyoandikwa kwenye barua kwamba "sikushirikiana". Neno hilo liliniuma kuliko njaa.

Nikaanza upya mara ya tatu. Mpaka kadi inafanya kazi tena, wiki kumi zilikuwa zimepita.

Gharama naitaja, maana tukizungumzia urasimu tunazungumza kama vile unakula muda peke yake. Msaada niliokosa ulikuwa kama dola 700. Siku mbili za kazi nilizopoteza, dola 176. Kodi ikachelewa, faini dola 50. Na kwenye duka la mikopo ya mshahara nilichukua dola 300 kwa ada ya dola 45 kila wiki mbili. Sikuweza kulipa lote, nikawa nalipa ada peke yake ili kusogeza mbele, mara tano, dola 225, na ile 300 ikiwa bado palepale. Jumla, bila kugusa lile deni lenyewe, ni dola 1,151. Kwa ajili ya bahasha moja.

Kwenye zamu yangu kulikuwa na mama mmoja Mzungu, wa watoto wawili, ambaye naye alikatiwa msaada kwa karatasi kiangazi kilekile. Mshahara wetu ulikuwa sawa na ofisi ilikuwa moja. Nilimhurumia kwa dhati. Alikuwa analia kwenye chumba cha mapumziko. Lakini wiki iliyofuata aliniambia mama yake amemtumia dola 400, na watoto wanalala kwa bibi yake yeye mwenyewe hadi mambo yatulie. Bibi yule anaishi kwenye nyumba iliyonunuliwa na mumewe miaka ya 1950.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokisikia. Kuanzia mwaka 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba, na mitaa ya Weusi ikawa inawekewa alama kwamba haikopesheki. Babu yake yule mama alipata mlango huo. Babu wa jirani zangu Weusi wa hapa hawakuupata. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulikuta kwamba ukizipanga familia kwa mstari, familia ya Kizungu iliyo katikati ina mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni, na ya Weusi iliyo katikati ina dola 44,900. Mwenye dola 285,000 haombi SNAP, najua. Lakini ndiye mama, ndiye shangazi, ndiye bibi wa kumtumia anayeomba. Sisi tuliotoka kambini tunawatumia walioko nyuma. Hakuna wa kututumia. Na Mmarekani Mweusi wa mtaani kwangu, ndugu zake wako kwenye foleni ileile aliyomo yeye. Fomu haikuuliza rangi yangu ili initoze zaidi, ila mimi na mwenzangu tulipokosea kosa lilelile, yeye lilimgharimu msaada wake, mimi likanigharimu msaada pamoja na riba yake.

Aliyenifundisha kupambana ni mama mmoja wa kanisani, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa na miaka 60 na kitu. Namwita Mama, na yeye ananiita binti yangu. Nilipomwonyesha barua ya "hukushirikiana" alivua miwani, akaifuta, akasoma tena hadi chini, kwenye yale maandishi madogo ambayo mimi siyafikii. Akaweka kidole. "Hapa. Wameandika unaweza kudai kusikilizwa. Kwa nini hukudai?" Nikamwambia, Mama, mimi ni mgeni, nitagombanaje na serikali? Akasema watu walikwenda mahakamani ili sentensi ile iandikwe pale, kwa hiyo niitumie.

Akanisimulia utoto wake Alabama. Usiku mmoja mgeni wa ofisi ya msaada aligonga, na mama yake akasukuma viatu vya mjomba chini ya kitanda, kwa kuwa kiatu cha kiume ndani ya nyumba kilitosha kuwanyima watoto chakula. Alipokuwa ananisimulia alishusha sauti, kama vile mgeni yule bado yuko mlangoni. Baadaye nilitafuta habari hizo na kukuta ni kweli tupu. Alabama ilikuwa na kanuni, kuanzia mwaka 1964, kwamba mama akiwa na uhusiano na mwanamume, huyo ni "baba mbadala" na watoto hawastahili kitu. Watoto kama 16,000 waliondolewa kwenye orodha, karibu wote Weusi. Bi Sylvester Smith wa kule Selma, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa mpishi na mhudumu wa mgahawa akianza kazi saa tisa na nusu usiku hadi mchana kwa dola 16 hadi 20 kwa wiki. Akakatiwa msaada mwaka 1966 kwa sababu kuna mwanamume aliyekuwa akimtembelea mwisho wa wiki. Akashtaki. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta kanuni ile. Mwaka 1970, katika kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, mahakama hiyohiyo ikasema serikali haiwezi kukata msaada wa namna ile kabla ya kumpa mtu nafasi ya kusikilizwa.

Na kabla ya hapo, sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935 ilipoanzisha pensheni na bima ya kukosa kazi, wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje. Kazi hizo Kusini zilikuwa mikononi mwa Weusi. Bibi yake Mama alifua nguo za watu maisha yake yote. Leo mimi ninaosha wazee majumbani mwao, na kila nikikatwa mchango wa pensheni kwenye mshahara ninamkumbuka bibi ambaye sikumjua.

Kwa hiyo dai kusikilizwa. Kwa SNAP una siku 90 tangu uamuzi. Ukidai haraka, kabla ya tarehe ambayo ukataji unaanza (kwa kawaida barua inakupa siku 10), unaweza kuomba msaada uendelee mpaka kesi iamuliwe. Ila jihadhari: ukishindwa, wanaweza kukudai urudishe. Mimi sikuwa na wasiwasi, maana karatasi zangu zilikuwa sawa. Mara ya pili walipotaka kunikata, mwaka 2019, nilidai siku ya tatu. Hatukufika hata mbele ya afisa anayesikiliza kesi. Mtu alinipigia, akasema wameziona salari slipu, zilikuwa kwenye faili la mtu mwingine.

Mkalimani ni haki yako, bure, na asiwe mwanao. Hili nalisema kwa uchungu. Mwanangu alisoma barua za serikali akiwa na miaka 11, akajua kabla yangu kwamba tutakosa chakula, akanyamaza akidhani amekosea kutafsiri. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, akafuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi zihudumie watu wasiokijua. Wengi wakaacha kuomba mkalimani wakidhani ni kosa. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 haijafutwa. Ukipiga simu sema "Swahili, interpreter" na usubiri.

Nilidhani nimeshakuwa fundi, mpaka ukaja mwaka 2023.

Wakati wa korona serikali ilizuia majimbo kuwaondoa watu kwenye Medicaid. Zuio liliisha mwishoni mwa Machi 2023, na kila mtu akatakiwa kuhakikiwa upya. Nilijiandaa. Anwani niliibadilisha mapema, fomu niliirudisha, na picha ya risiti niliitunza. Oktoba nikaenda kuchukua inhela ya mwanangu mdogo, mwenye pumu, mfamasia akaniambia bima haipo. Dola 214. Nilikuwa na 90. Mtoto alikuwa amesimama kando yangu, kifua kinapiga filimbi. Nilimpigia Mama wa kanisani, akaja na kadi yake ya benki, na hakutaka kunitazama usoni nisije nikaona haya.

Mwaka huo nilifanya saa nyingi za ziada, kipato changu kikavuka kidogo kikomo cha mtu mzima. Kikomo cha watoto ni cha juu zaidi. Wao walistahili bado. Lakini mashine ilipima nyumba nzima kwa pamoja, ikatutoa sote. Halikuwa jambo letu peke yetu. Mwezi mmoja kabla, Septemba 2023, serikali kuu ilitangaza kwamba kosa hilohilo limekutwa katika majimbo 30, na karibu watu nusu milioni, wengi wao watoto, wangerudishiwa bima. Katika zoezi zima waliondolewa zaidi ya watu milioni 25, na karibu asilimia 69 yao waliondoka kwa sababu za makaratasi, bila yeyote kuthibitisha kwamba hawastahili. Katika Medicaid uwiano wa Weusi na Walatino ni mkubwa kuliko uwiano wao nchini, kwa hiyo mvua hiyo ilijua itakapoangukia.

Mtoto alirudishiwa bima baada ya wiki sita. Ukiondolewa kwa karatasi una siku 90 za kurudisha fomu bila kuomba upya kabisa. Na uliza kuhusu bili za nyuma: Medicaid inaweza kulipa matibabu ya hadi miezi mitatu kabla ya ombi, kama ulistahili wakati ule. Usitupe risiti ya dawa. Zile dola 214 zilirudi, nikazipeleka kanisani kwenye bahasha, na Mama alikataa kuzipokea hadi nilipozitumbukiza mwenyewe kwenye mkoba wake.

Sasa mambo yanakaza. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao hawajapata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, watu waliofika kama nilivyofika mimi. Masharti ya kuthibitisha kazi, saa 80 kwa mwezi, yamesogezwa hadi umri wa miaka 64, na yanawagusa hata wazazi ambao mtoto wao mdogo ametimiza 14. Kufikia Januari 2027 sharti kama hilo litaingia kwenye Medicaid kwa watu wazima wengi. Arkansas ilijaribu mwaka 2018. Ilitaka watu waripoti saa zao kwenye tovuti ambayo ilifungwa usiku, na katika miezi michache zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima. Watafiti waliochunguza baadaye walikuta zaidi ya asilimia 95 ya waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi ya kutosha au wana sababu ya kusamehewa. Mahakama ililisimamisha mwaka 2019. Anayesema sharti hili ni la wavivu aje asimame na sisi kituo cha basi saa kumi alfajiri.

Hivyo anza sasa kuandika saa zako kwenye daftari, kila wiki, na piga picha kila salari slipu. Aliyefika karibuni aulize kuhusu kadi ya kijani mara atakapotimiza mwaka mmoja; mkimbizi akiipata hasubiri ile miaka mitano wanayosubiri wahamiaji wengine kabla ya kupata SNAP. Ukihama, ofisi ijue kabla ya posta. Bahasha usiitupe, maana muhuri wa posta unaonyesha waliituma lini, na mara mbili umeniokoa.

Juu ya friji yangu sasa hakuna kitu. Jumapili baada ya ibada meza ya jikoni huwa ya barua, na majirani wameshazoea. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoka Uvira, ana miezi minane hapa, amebeba mfuko wa plastiki wenye bahasha 14 ambazo hazijafunguliwa. Alizimwaga mezani akaniomba radhi kana kwamba amenivunjia chombo. Tulizipanga kwa tarehe. Kumi na moja zilikuwa matangazo tu na mbili zimepitwa. Ya mwisho ilikuwa fomu ya kuhuisha msaada, na ilikuwa imebakiza siku nne. Mwanangu mkubwa, ambaye sasa ni kijana mwenye ndevu, alimletea kalamu na chai, akaketi mbali. Yule dada akaniuliza, "Nisaini wapi?" Nikamwambia hapana, dada, kwanza tusome wote wawili, kutoka juu.